Yoga Juu ya Nyumba Yetu

Mama mkwe wangu, Bi Kesar, hulala barazani kwenye kitanda cha kamba kilichosogezwa mpaka kikagusa lango. Yeye husema amepapenda pale kwa ajili ya upepo. Upepo gani? Lango letu haliwezi kufunguliwa bila kugonga mguu wa kitanda, na mguu wa kitanda ukigongwa, Bi Kesar huinua kichwa na kuuliza, "Nani? Wapi? Mpaka saa ngapi?" Nina hakika hata paka wa jirani ameshawahi kuulizwa.

Mimi ni Urmila, mke wa Girdhari muuza bangili, hapa mjini Indore. Mume wangu si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu mkishasikia habari yangu mtaanza kumtafuta mbaya, na mtatafuta bure. Hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Nikitaka nyanya, zinaletwa. Nikitaka sari, muuza sari anakuja na furushi lake, anazitandaza sebuleni, nami nachagua nimekaa. Jino lilipoanza kuniuma nilifurahi, nikajua hili litanitoa. Kumbe daktari wa meno ni rafiki yake. Akaja na mkoba wake, akaling'oa jikoni, akanywa na chai. Nimetoka kwenda harusini, msibani na hekaluni, na kote huko nilikuwa nyuma ya mama mkwe nimeshika mfuko wake. Lakini peke yangu, hata mpaka pale kwenye kona, nilikuwa sijawahi. "Kwa nini uhangaike?" Ndilo neno la nyumba yetu, na husemwa kwa upendo.

Basi mwaka jana magoti ya Bi Kesar, ambaye mimi humwita Mama, yakagoma. Daktari akamwambia afanye yoga. Bustani ya mtaa haiko mbali, akasema, kuna mwalimu anafundisha akina mama kila asubuhi bila malipo, aende akanyooshe viungo. Mama akajibu kwamba atakwenda akipata mtu wa kumshika mkono. Mwanetu Tanmay yuko chuoni, mjini Pune. Nyumbani tuliobaki ni mimi na mashine ya kufulia.

Ukaja mjadala wa nguo. Mwalimu alituma neno kwamba sari haifai kwa kazi ile. Kwetu mke wa mwana huvaa sari, tena mtandio kichwani mbele ya wakubwa. Mama akalipima jambo hilo kama hakimu.

"Vaa suruali ya Kipunjabi na gauni lake," akaamua. "Lakini kichwa kifunikwe."

"Na nikiinama, Mama, kichwa kikawa chini?"

"Utashika mtandio kwa meno."

Siku ya kwanza nikaushika kwa meno kweli. Mwalimu Vasudha, mstaafu wa kufundisha michezo, nywele fupi, filimbi shingoni, alinitazama akasema, "Mama, hapa tunafundisha watu kupumua. Wewe umekuja kutafuna nguo?" Wanawake wakaangua kicheko. Mama mkwe naye akacheka, kwa hiyo ikawa ruhusa, nikauachia.

Nilikuwa mwanafunzi wa ovyo. Katika mkao wa mti unasimama kwa mguu mmoja, wa pili umeubandika pajani, mikono juu. Mti wangu ulimwangukia jirani yetu Kanta, mwanamke mnene mwenye roho nzuri, tukabiringika wote wawili kwenye umande. Katika mkao wa nyoka nilipaswa kuinua kifua, nikainua nyusi. Vidole vya miguu yangu nilikuwa nimevizoea kwa mbali, na siku niliyovigusa kwa ncha za vidole vya mikono nilisikia kama nimekutana na ndugu. Lakini shida yangu kubwa ilikuwa pumzi. Mwalimu akisema "vuta," navuta. Akisema "toa," natulia.

"Urmila, mbona hutoi?"

"Sijui, Mwalimu. Imekaa."

"Nani kakwambia uiweke? Toa! Hapa hakuna mwenye nyumba."

Kuna mkao wa kuachia upepo, wa kulala chali na kukumbatia magoti. Mama aliyakumbatia, upepo ukatoka, tena si haba. Bustani nzima ikanyamaza. Bi Kesar akageuza shingo polepole, akamkazia macho Kanta. "Umri huo, na huna adabu," akasema. Kanta maskini akaomba msamaha. Tulicheka mpaka tukashindwa kulala chali, na ng'ambo ya nyasi wazee wastaafu, ambao wana kundi lao la kucheka kila asubuhi kwa ajili ya afya, wakatusikiliza kwa wivu.

Lakini yoga yenyewe siyo niliyoipenda. Niliipenda, ndiyo, lakini siyo hiyo. Nilipenda kwenda. Mama alitembea polepole kwa ajili ya magoti, nami nikapata nafasi ya kuangalia. Nikamjua kijogoo wa fundi baiskeli. Nikajua duka gani la jelebi, zile tamutamu za kukaanga, huwasha jiko kwanza. Darasa likiisha, Mama alikaa kwenye benchi na wenzake kuzungumzia wakwe zao, akaniambia, "Zunguka bustani mara moja, nakuona." Nami nilizunguka. Upande wa mbali, nyuma ya tangi la maji, njia inapinda. Pale kwenye kona ile Mama hawezi kuniona, wala wale wazee, wala mtu yeyote. Ni pafupi. Ukikaza mwendo unapamaliza kabla hujajua. Mimi sikukaza. Pale nyuma ya tangi ndipo pumzi yangu ilipokuwa inatoka, yote, bila kuambiwa. Nilikuwa sifanyi lolote la maana: nilitembea, nikapunga mikono kama mtoto, nikasema jina langu kwa sauti. Kisha natokea upande wa pili, na Mama yuko pale pale anasema, "Mbona umechelewa?" Usiku nililala nikiisubiri ile kona, na asubuhi niliamka nayo.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojitia kitanzi kwa mikono yangu mwenyewe.

Msimu wa mvua ukaingia, ukafika mwezi mpevu wa kuwaenzi walimu. Siku hiyo kwetu mtu mwenye mwalimu, awe wa dini au wa kupiga ngoma, humheshimu: humwosha miguu, humvika maua, humlisha mpaka aombe huruma. Nami kwa mara ya kwanza tangu niache shule nilikuwa na mwalimu. Moyo ulijaa. Wenzangu walimpelekea maua na nazi pale pale bustanini, wakamgusa miguu, basi. Mimi nikaona haitoshi. Nikataka aje kwangu, ale chakula cha mkono wangu. Mama akaridhia mara moja, maana kumlisha mwalimu kuna baraka, na baraka ikiingia nyumbani humfikia yeye kwanza, pale kwenye lango.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji hakupona.

Mwalimu Vasudha akaja na Kanta na wanawake wengine wawili. Nikamwosha miguu kwenye sinia la shaba, nikampaka unga mwekundu kwenye paji la uso, nikampa shali. Mume wangu alifunga duka mapema ili amsalimie. Alikaa naye kwa heshima, mikono magotini, akamuuliza habari za darasa.

"Darasa ni zuri," mwalimu akasema, "ila mvua hii, ndugu yangu! Bustani imekuwa shamba la mpunga. Jana nilifundisha mkao wa samaki, na kweli tulikuwa samaki."

Nilikuwa namimina dengu kwenye bakuli lake. Nikamwona mume wangu ananyoosha mgongo. Uso wake ulianza kung'aa, na mimi namjua mtu huyu. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Mwalimu," akasema, "juu ya nyumba yetu kuna nafasi kubwa, sakafu safi. Nitaweka mabati juu. Fundishia hapa. Si mvua tu, moja kwa moja! Mama yangu ana magoti mabovu, mke wangu naye anapenda sana. Kwa nini muhangaike?"

Kanta akapiga makofi. Mwalimu akafumba macho akashukuru. Mama akasema, "Mwanangu huyu!" na machozi yakamtoka. Mimi nilisimama na upawa mkononi. Niseme nini? Mbele ya mwalimu niliyetoka kumwosha miguu, siku yake mwenyewe, nimwambie hapana, baki kwenye matope? Maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwongezea dengu.

Usiku ule mume wangu alinitazama kama mtu aliyeleta zawadi anasubiri ifunguliwe. "Umefurahi?" akauliza.

"Nimefurahi," nikasema.

Mabati yakapigwa. Darasa likahamia kwetu. Tangu hapo kila asubuhi wanawake wa mtaa wanatoka majumbani mwao, wanakuja kwangu. Wanakuja wakitembea. Wanapita kwa fundi baiskeli, wanapita penye jelebi. Lango linagonga kitanda na Mama anawakaribisha kama malkia, "Pandeni, pandeni, pole na safari," kisha anapanda nyuma yao akilalamika magoti, ingawa ngazi zile anazipanda kila siku kwenda kuanika pilipili na hajawahi kuzilaumu. Amepata mkeka wa mbele kabisa. Ameanza kuwasahihisha wenzake.

Na mimi? Wageni wakija nyumbani kwa mtu, hawaondoki bila chai. Ndiyo desturi, na nisingependa nyumba yetu itajwe kwa ubahili. Kwa hiyo wao wakianza kuvuta pumzi juu, mimi niko jikoni naponda tangawizi, naosha mchele uliopondwa, nakaanga haradali na binzari. Juu ya kichwa changu nasikia nyayo zao zikigeuka pamoja. Nasikia filimbi. Mara chache nilifanikiwa kupanda, nikaanza mkao mmoja, Mama akaita kutoka mbele bila kufumbua macho, "Urmila, maziwa!" Nikashuka.

Siku moja nilijaribu. Nilikuwa namkanda Mama magoti.

"Mama, kule bustanini kulikuwa na hewa."

"Na hii ya juu ya nyumba ni nini? Hewa si ndiko inakoanzia? Ya bustanini ni ile iliyobaki."

"Ilikuwa vizuri kutembea kidogo."

"Tembea huku juu. Zunguka tangi letu."

Tangi letu liko katikati ya sakafu, na ukilizunguka unaonekana pande zote. Nikaendelea kukanda.

Kanta naye, na wema wake wote, ndiye aliyenimaliza. Alikuwa anavaa viatu mlangoni, ameshiba, uso umemng'aa. "Mama Tanmay," akanishika mkono, "una bahati wewe. Una mume wa dhahabu. Mimi nikitaka kitu lazima nikifuate. Wewe vyote vinakufuata." Kisha akaondoka. Nikapanda juu kukusanya vikombe, nikamtazama akienda. Alisimama penye mkokoteni wa mboga, akaligeuza biringanya moja mara nyingi, hakununua. Akasimama tena kumwangalia kijogoo. Hakuwa na haraka hata kidogo. Nilimchukia, nawaambia kweli. Nilimchukia mwanamke ambaye hajawahi kunikosea, kwa sababu ya biringanya.

Ikaja asubuhi moja mvua imekatika. Nilikuwa jikoni, mume wangu anaoga. Juu nikasikia mwalimu anasema, "Sasa mkao wa maiti. Laleni, fumbeni macho, msisogee mpaka nipulize filimbi." Nyayo zikanyamaza. Nilikuwa nimeshika sufuria ya maziwa. Nikasikia jinsi nyumba ilivyotulia, nikawaza: wote wamelala, wamefumba macho. Na Mama yuko miongoni mwao. Kitanda kile pale langoni kiko tupu.

Sikuweka mpango wowote. Nilizima jiko, nikafungua lango, likagonga mguu wa kitanda, hakuna aliyeuliza. Nikawa nje.

Nilikwenda na ndala za jikoni. Mwanzo nilitembea haraka kama mwizi, baadaye nikaona mwizi ni mimi na niliyeibwa ni mimi, haraka ya nini. Hakuna aliyenitazama, na nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba dunia nzima itasimama kunitazama. Fundi baiskeli alikuwa anajaza upepo. Akasema tu, "Mama, angalia dimbwi."

Bustani ilikuwa tope tupu. Wazee wa kicheko walikuwa wamejibanza kwenye kipande kikavu, wanacheka kwa zamu. Nikapita, nikaenda mpaka nyuma ya tangi la maji. Nikavua ndala. Nikabandika mguu mmoja kwenye paja, nikainua mikono. Nilitikisika, lakini sikuanguka. Sikujua kinachofuata ni nini. Masomo yangu yaliishia jikoni. Kwa hiyo nilisimama vile vile, mti mmoja wenye nguo ya kupikia, nikavuta pumzi na kuitoa, na kifua changu kilikuwa chepesi, nikawaza kwamba nikipewa hili kila siku, hili tu, mengine yote nitayabeba bila kunung'unika.

"Mama Tanmay!"

Mume wangu alikuwa ameikunja ile kona na skuta, tope mpaka magotini, nywele bado zinachuruzika maji. Mkononi ana mwavuli wangu.

"Umetutia hofu! Mama amefungua macho hakuna chai, hakuna wewe. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa huku kwenye matope unafanya nini?"

"Yoga."

"Yoga si iko nyumbani?"

Nikashusha mguu. Ilikuwa sasa au kamwe. "Sikuitaka yoga," nikamwambia. "Nilitaka kwenda kwenye yoga."

Akalifikiria neno hilo kwa bidii, kama anavyofikiria mambo yote yanayonihusu. Kisha uso wake ukaanza kung'aa, kama siku ile ya dengu.

"Kumbe ni kutoka tu! Si ungesema zamani? Kuanzia kesho nitakuleta mwenyewe. Nitakaa pale kwenye benchi na gazeti langu, wewe fanya mpaka utosheke, nikurudishe. Duka litafunguliwa saa yoyote."

"Peke yangu, baba Tanmay. Nataka kuja peke yangu, na kurudi peke yangu."

"Peke yako?" Akatazama huku na huku, kama atamwona aliyenifundisha neno lile. "Kuna mtu amekuudhi?"

"Hakuna."

"Mama amesema kitu?"

"Hajasema."

"Sasa peke yako ufanye nini?"

"Nitembee."

"Na mimi nifanye nini?" akauliza.

Hakuwa anagomba. Aliuliza kweli, maji yanamtiririka shingoni, mwavuli mkononi, na ningalikuwa na jibu ningalimpa. Nilimhurumia, na huruma ile ilinibana kuliko lango lolote, kwa maana ndiyo iliyonifanya nimwongezee mwalimu dengu.

"Panda twende," akasema kwa upole. "Watu wanasubiri chai."

"Nitakwenda kwa miguu."

"Basi nenda kwa miguu," akasema. Nikadhani nimepata.

Nikavaa ndala, nikatoka bustanini. Nyuma yangu nikasikia skuta inawashwa. Nikangoja inipite. Haikunipita. Alikuja akalingana nami, akapunguza mwendo hadi mwendo wangu, mguu mmoja ukiburuza chini asianguke, mwavuli ameufungua na kuninyooshea juu ya kichwa, ingawa mvua haikuwapo. Tukapita duka la jelebi namna hiyo. Tukapita kwa fundi baiskeli, akasimama na pampu mkononi kututazama. Nikikaza mwendo, naye anakaza. Nikipunguza, naye anapunguza. "Polepole," akawa ananiambia, "hakuna haraka, tembea utakavyo."

Tulipoingia mtaani kwetu, wanawake walikuwa wamejaa ukingoni mwa sakafu ya juu, na Kanta akapaza sauti, "Amepatikana! Huyo, anakuja naye!" Lango lilikuwa wazi. Mama amesimama mbele ya kitanda chake, mikono kiunoni. Nikalifikia lango. Miguu ilijua njia, ilikuwa tayari imeanza kupinda.

Nikaizuia. Nikapita.

"Mama Tanmay," mume wangu akasema, "nyumba ni hii."

Sikugeuka. Mbele kulikuwa na kona, na baada ya kona sijui kuna nini, sijawahi kufika. Nilipunguza mwendo, nikatembea taratibu kuliko mtu yeyote anavyotembea, kama Kanta na biringanya lake. Yeye naye akapunguza, akapunguza tena, skuta ikaanza kukohoa. Chombo kile hakikuumbwa kwa mwendo wa mke. Kikatetemeka, kikazima.

"Ngoja," akasema. "Nisubiri, ngoja kidogo tu."

Nikamsikia anaipiga teke, haikuwaka. Akaipiga tena. Mimi nikawa natembea.